Meno ya Bandia: Nani Atakurekebishia?

Nazungumza nanyi mlioko Voi mjini, Mwatate, Wundanyi na Maktau, na nyinyi wa Taveta mpaka Mata, hadi kule kando ya Ziwa Jipe. Kama uko jikoni, ongeza sauti kidogo. Kama kuna mzee hapo nyumbani, mwite asogee, maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye hasa. Leo tunazungumza juu ya meno ya bandia.

Mama mmoja wa Mata ametuletea ujumbe. Anasema hana meno mawili ya mbele, juu, na magego mawili ya chini upande wa kulia yaling'olewa zamani. Ameonyeshwa aina mbili za meno. Moja ni ya plastiki ngumu yenye waya pembeni. Nyingine ni ya plastiki laini inayopindika, haina waya. Jirani yake anaisifu ile laini. Binti yake aliyeko Mombasa anamwambia asubiri, apandikizwe meno ya skrubu. Mumewe anasema achukue ya bei nafuu, mambo yaishe. Mama anauliza: yapi ndiyo mazuri?

Mama, asante kwa swali lako. Nitakujibu, ila niruhusu kwanza niligeuze kidogo. Usianze kwa kuuliza meno yapi ni mazuri. Anza kwa kuuliza: yakilegea, yakinichubua, yakivunjika, nani atanirekebishia, na nitamfikia vipi? Nalisema hili mapema na nitalirudia, kwa sababu ndilo watu wengi wanalolisahau. Wanachagua kwa macho, au kwa bei, au kwa sifa za jirani. Miezi sita ikipita, meno yako kwenye kikombe juu ya kabati, na mwenyewe anatafuna kwa ufizi.

Kwa nini ni lazima urudi? Kwa sababu kinywa hakitulii. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya uliokuwa umelishika huanza kupungua. Hupungua upesi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole kwa maisha yote. Mtafiti Antje Tallgren alifuatilia watu wanaovaa seti nzima ya meno ya bandia kwa miaka 25. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba mfupa wa taya la chini hupungua kama mara nne zaidi ya ule wa juu. Sasa fikiria: meno uliyotengenezewa leo yamefuata umbo la ufizi wa leo. Mwakani ufizi umeshuka. Meno hayajabadilika, wewe ndiye uliyebadilika. Hapo yatahitaji kujazwa upande wa ndani yakae vizuri tena, kukwanguliwa panapouma, au kukazwa waya. Si ishara kwamba daktari alikosea. Ndivyo meno ya bandia yalivyo, hata ukiwa rais.

Nasema rais kwa sababu kuna kisa cha kweli. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili. Watu husimulia kwamba alivaa meno ya mti. Si kweli. Daktari wake, John Greenwood wa New York, alimchongea pleti, yaani bamba la kubeba meno, kutokana na jino la kiboko, mnyama yuleyule tunayemwona kwenye chemchemi za Mzima na Ziwa Jipe, akachomeka humo meno ya binadamu. Jino la kiboko lilipendwa sana na wachongaji wa Ulaya na Marekani kwa ugumu wake. Na bado, pamoja na cheo chake, Washington alikuwa akimtumia Greenwood meno yale ili ayatengeneze upya, kwa sababu yalimwumiza na kumtunisha midomo. Hata yeye alihitaji mtu wa kumrekebishia.

Haya, turudi kwetu. Kabla hatujafika kwenye aina za meno, kuna jambo lingine la kujiuliza. Je, kila pengo ni lazima lizibwe?

Hapana. Najua jibu hili litawashangaza wengine, lakini lina ushahidi, na ushahidi wenyewe umetoka hapa jirani. Mtafiti Mtanzania, Sarita, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nijmegen huko Uholanzi, waliwachunguza Watanzania waliopoteza magego. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003, waliona kwamba mtu mwenye meno yake yote ya mbele na yale madogo yanayofuata chonge, pamoja na angalau gego moja la juu linalokutana na la chini, hutafuna vya kutosha. Wenye shida kubwa walikuwa wale waliobakiwa na jozi chache mno zinazokutana. Kwa hiyo cha kuhesabu ni jozi. Meno mangapi ya juu yanakutana na ya chini? Pengo la nyuma lisilokusumbua kula, lisiloonekana ukicheka, unaweza kuambiwa uliache hivyohivyo, na huo ni ushauri wa daktari anayekujali. Pengo la mbele ni jambo jingine. Hilo linagusa kucheka, kuimba kwaya, kusimama mbele ya watu. Heshima ya mtu nayo ni afya.

Swali la pili: meno yaliyobaki yana hali gani? Ukipiga mswaki, ufizi unatoa damu? Kuna jino linalotikisika? Kuna tundu? Hayo yatibiwe kwanza. Waya wa meno ya bandia hushika jino la jirani. Ukilishikia jino bovu, utalipoteza nalo, na pleti yako itakosa pa kushika.

Na hapa nataka kusema kwa uzito. Mtu akikuambia, "Mama, tung'oe yote tukuwekee mapya ya kupendeza," usikubali siku hiyohiyo. Uliza kila jino linang'olewa kwa sababu gani. Hasa chonge mbili za taya la chini. Chonge ina mzizi mrefu, na hata ikikatwa juu na kubaki kisiki kilichotibiwa, mzizi ule huulinda mfupa na kuipa pleti ya chini mahali pa kuegemea. Nimewaona wazee ambao wangetoa chochote wapate mizizi miwili tu kule chini. Ikishatoka hairudi.

Sasa tufike kwenye aina zenyewe. Tuanze na plastiki ngumu, ile inayoitwa akriliki. Ndiyo iliyoenea zaidi duniani tangu miaka ya 1930, ilipochukua nafasi ya mpira mgumu uliotumika kabla yake. Ina rangi ya waridi kama ufizi, na kama yamebaki meno mengine, hushikizwa kwa vipande vya waya. Ubaya wake ni upi? Ni nene, mwanzoni unajiona umejaza mdomo. Ikianguka sakafuni huvunjika. Waya huonekana ukicheka sana. Uzuri wake ni upi? Bei yake ni ya chini kuliko nyingine. Na zaidi ya bei, inatengenezeka. Ikivunjika, fundi wa maabara ya meno huiunganisha. Ukipoteza jino jingine mwakani, anaongeza jino kwenye pleti ileile. Ufizi ukishuka, anaijaza ndani. Mama wa Mata, sikia neno hilo: inatengenezeka.

Aina ya pili ni hii laini anayoisifu jirani yako, ya nailoni. Simlaumu jirani. Ni nyepesi, haina waya, vishikio vyake vina rangi ya ufizi, na ikianguka haivunjiki kirahisi. Kwa mtu aliyepoteza jino moja au mawili ya mbele na meno mengine yako imara, inaweza kumfaa. Kwa mtu ambaye akriliki humdhuru kinywani, ni msaada mkubwa. Lakini kule kupindika kunakoifanya ipendwe ndiko kunakoleta taabu penye mapengo mengi. Ukitafuna, inapinda na kuukandamiza ufizi. Ikikwaruzika, ni vigumu kuilainisha tena, na uchafu hushika. Kuiongezea jino au kuijaza ndani ni kazi ngumu, mara nyingi huambiwa utengeneze nyingine kabisa. Kwa hiyo unalipa zaidi mwanzoni, na huenda ukalipa yote tena. Muulize jirani yako, mama: amekaa nayo muda gani? Sifa za mwezi wa kwanza hazitoshi.

Ya tatu ina kiunzi cha chuma chembamba, kobalti na kromiamu. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo bora kwa mtu mwenye meno mengi imara na mapengo hapa na pale. Hulala juu ya meno yenyewe, haizami kwenye ufizi, na kaakaa hubaki wazi kiasi, unasikia joto la chai na ladha ya mchuzi. Ila inahitaji maabara yenye vifaa vya kusubu chuma, na bei yake iko juu. Pia meno yako yawe yametulia, maana kuongeza jino baadaye si rahisi kama kwenye akriliki.

Daraja lisilotoka nitalipitia haraka. Meno mawili ya pembeni ya pengo husagwa, kisha huvishwa kofia zinazobeba jino la katikati. Ni zuri kwa sura na kwa kutafuna. Lakini kama majirani wa pengo ni wazima kabisa, kuwasaga ni hasara ya kufikiriwa sana, hasa kwa kijana.

Na skrubu anazozitaja binti wa Mombasa? Hizo ni vipandikizi vya madini ya titani. Daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Ni ufundi wa kuheshimika. Unahitaji mfupa wa kutosha, subira ya miezi, na pesa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvutaji wa sigara ana hatari zaidi ya skrubu kukataa. Mahali ambapo msaada wake hauna mfano ni kwa mtu asiye na hata jino moja chini. Pleti ya juu hushikwa na kaakaa, mate na hewa, inang'ang'ania. Pleti ya chini haina kaakaa, na ulimi unaisukuma mchana kutwa. Ndiyo maana mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba mtu kama huyo apewe kwanza pleti ya chini inayobanwa kwenye vipandikizi viwili. Viwili tu, si kinywa kizima. Mwenye uwezo alijue hilo, aulize habari za viwili.

Sasa, mama wetu wa Mata, nimekuahidi jibu. Ningekuwa mahali pako, ningeanza na yale ya akriliki kwa meno mawili ya mbele, yenye waya uliowekwa nyuma kadiri inavyowezekana. Yale magego mawili ya chini, ningemwomba daktari ahesabu jozi zangu kabla sijayalipia. Nachagua hivyo kwa sababu uko Mata. Safari ya kwenda Taveta ina nauli yake, ya Voi ni ya siku nzima, na wengine huvuka mpaka pale Holili wakaenda Moshi, hata hospitali ya KCMC, kwa kuwa ni karibu zaidi kuliko Voi. Popote utakapokwenda, uliza siku ya kwanza: bei hii ina marejeo mangapi ndani yake? Kuna fundi wa kuunganisha hapahapa, au yanapelekwa mbali? Yanachukua siku ngapi? Na kabla ya kufungua mdomo, ukiwa upande wa Kenya, tazama ukutani kama kuna leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Anayekuambia atakubandika jino kwa gundi siku ya soko, uende zako nyumbani kwa dakika kumi, mkimbie. Gundi ile hufunga uchafu juu ya ufizi na kuyaharibu meno mazima ya pembeni.

Ukishachagua, kuna siku moja ambayo nakuomba usiipuuze. Siku ya nta.

Meno hayatengenezwi mara moja. Utang'ata uji mzito kwenye kijaluba ili kupata chapa ya kinywa. Utarudi kupimwa jinsi unavyofumba taya. Kisha siku moja daktari atatoa pleti ya nta, imechomekwa meno, akuvalishe. Siku hiyo kila kitu bado kinabadilika. Jino linaweza kusogezwa, kufupishwa, kubadilishwa rangi. Ikishapikwa kuwa plastiki, basi. Kwa hiyo siku hiyo usiwe na haraka ya matatu. Nenda na mtu anayekujua uso. Beba picha ya zamani ukiwa na meno yako. Omba kioo, toka nje kwenye mwanga wa jua. Ongea. Sema "Sagalla". Sema "sisi sote". Hesabu kutoka hamsini hadi sitini. Sema "fagio", "vitafunio", uone kama meno ya juu yanagusa mdomo wa chini vizuri. Ukisikia mluzi, sema sasa.

Na rangi? Wengi hutaka nyeupe pepe. Lakini tuko chini ya Kilimanjaro, na upande wa Arusha na Meru maji yenye floraidi nyingi yamewapaka watu meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Kama wewe ni mmoja wao na unaziba mawili tu ya mbele, omba rangi inayofuata majirani. Jino jeupe kupita wenzake humwambia kila mtu kuwa ni la bandia.

Meno yamefika. Wiki za mwanzo kula vya kulegea: ndizi za kupika, ugali na mboga, kimanga kilichopondwa vizuri. Kata vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja. Muwa usimenye kwa meno tena, menya kwa kisu. Soma gazeti au Biblia au Kurani kwa sauti, ulimi uzoee. Pakichubuka, usilivumilie donda, na usikwangue mwenyewe kwa kisu au msasa. Rudi. Vaa meno saa chache kabla ya kumwona daktari, alama ya donda ndiyo itamwonyesha pa kukwangua.

Jambo moja kwa nyinyi wa Jipe mnaokula samaki. Mwenye pleti nzima ya juu, kaakaa lake limefunikwa. Hasikii mwiba kama zamani. Mwiba unaweza kufika kooni bila yeye kujua. Basi mtolee mzee mifupa ya samaki kwa vidole kabla hujamwekea sahani, na mtahadharishe na chai ya moto, kwani joto nalo hulisikia likiwa limeshafika kooni.

Usiku, meno yatoke. Narudia, yatoke. Utafiti wa Japani wa mwaka 2015 kwa wazee wa miaka 85 na zaidi ulionyesha kwamba wanaolala na meno ya bandia walikuwa na hatari mara mbili ya kupata nimonia. Ufizi nao unahitaji kupumzika, la sivyo fangasi huota chini ya pleti, kaakaa likawa jekundu. Osha kwa sabuni ya kawaida na brashi laini, juu ya beseni lenye maji ili yakiteleza yasivunjike. Dawa ya meno huyakwaruza, iache kwa meno yako ya asili. Maji ya moto huyapinda. Kisha yalaze kwenye maji safi mpaka asubuhi.

Na yakivunjika? Kusanya vipande vyote, hata kile kidogo kama punje ya mchele. Vifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uvipeleke. Usitumie supaglu. Kipande kikigandishwa kimepinda hata kidogo, fundi hawezi tena kuona vilikutana wapi, na kazi ya kuunganisha inageuka kuwa kazi ya kuanza upya. Kama ni siku mbili kabla ya kumwona, kaa bila meno siku hizo mbili, kula uji na ndizi. Na piga simu kabla ya kupanda gari, uhakikishe fundi yuko kazini siku hiyo.

Wasikilizaji, muda wangu umefika. Maswali zaidi juu ya meno ya bandia tumeni, nitayajibu wiki ijayo kabla ya kuingia kwenye meno ya watoto. Mama wa Mata, utujulishe siku ya nta ilikwendaje.